Lia Kama Lori Lako

Mkinikuta sokoni Kiogoro nachagua mboga, tafadhali msiniwekee simu sikioni. Nimestaafu. Juzi dereva mmoja wa lori dogo la kenta aliniona nikiwa na kikapu, akaegesha vibaya, akaruka chini mbio.

"Mama Spea, hebu skiza hii. Stelingi inanisumbua."

Nikasikiliza. Nilisikia upepo, redio, watu wawili wakibishana kuhusu mpira, na kwa mbali sana kitu ambacho huenda kilikuwa pampu ya stelingi na huenda kilikuwa ng'ombe. Nikamwambia azime hiyo simu alie mwenyewe, vile gari lake linavyolia. Akatazama huku na huku. Akina mama wa nyanya walikuwa wameshaanza kucheka.

"Hapa, Mama Spea?"

"Kwani gari lako huchagua mahali pa kulilia?"

Hakulia. Alirudi garini na simu yake, nami nikaendelea kuchagua managu yangu. Lakini nilipofika nyumbani nilimwonea huruma. Nikawaza kwamba ninyi vijana mnaouza spea leo, na ninyi mnaozinunua, hakuna aliyewahi kuwaeleza kazi hii ilivyokuwa ikifanywa. Basi tulieni niwaeleze.

Kwanza mjue kwamba sijawahi kufungua nati ya gari lolote. Miaka yangu yote niliipitishia nyuma ya kaunta ya duka la spea za malori mjini Kisii, duka la Bwana Kanti, ambalo lilifunguliwa na babu yake. Niliajiriwa nikiwa msichana wa kupangusa vumbi kwenye rafu. Asubuhi moja nikamkuta Bwana Kanti, mtu mnene, mpole, aliyekuwa hafungui duka kabla ya kuwasha ubani mbele ya picha ya miungu yake, amesimama ana kwa ana na dereva wa lori la mchanga. Wote wawili wamefumba macho na wote wawili wanalia. Dereva analia "ngwiii." Bwana Kanti naye "ngwiii-ngwi." Dereva anatikisa kichwa: "Hapana, hiyo inapanda pale mwisho." Bwana Kanti anajaribu tena. Nilidhani wamepagawa, kumbe wanauziana mkanda wa injini.

"Nyaboke," Bwana Kanti akaniambia baada ya dereva kuondoka, "mteja akisema nataka pampu, wewe usipe yeye pampu. Yeye hajui nataka nini. Gari ndiyo inajua. Wewe sema, lia kama lori yako. Kwanza kelele, halafu spea."

Hiyo ndiyo shule niliyosoma.

Na mjue watu hawalii sawa. Madereva wa matatu walitia chumvi, gari likikwaruza kidogo wao wanakuletea ajali nzima. Wakulima wa Nyamira wenye trekta walilia kidogo tu, halafu wakakuachia umalizie. Mwalimu mmoja wa kwaya aliniletea mlio wa basi la kanisa kwa noti, fa, fa, so, na nikamuuzia beringi sahihi. Kazi ngumu ilikuwa wazee. Mzee wa Kigusii anayejiheshimu hawezi kusimama mbele ya mwanamke wa umri wa binti yake akalia kwa sauti nyembamba. Hata gari likipiga filimbi, yeye atanguruma. Hao nilikuwa nawapeleka nyuma ya rafu ya filta, wanalilia huko nisikowaona, na heshima ya kila mtu inabaki mahali pake.

Sasa tuchukue hiyo stelingi ya kijana wa kenta, maana ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Stelingi inayosaidiwa na oili ina pampu inayozungushwa na injini, ina kijitangi cha oili, na ina mipira ya kupeleka oili na kuirudisha. Ikipiga yowe fupi na kali ukikata kona, hasa asubuhi injini ikiwa baridi, shuku mkanda. Umelegea, au umezeeka mpaka unang'aa. Ikinguruma mfululizo hata barabara ikiwa imenyooka, pampu yenyewe inakwisha. Ikigonga, tazama chini kwenye viungo, pampu uiache ipumzike. Lakini ikilia kwa sauti nyembamba na ndefu, inayopanda ukizungusha usukani na kushuka ukiuachia, usinunue kitu bado. Hapo ama oili imepungua, ama hewa imeingia ndani. Fungua kifuniko cha kijitangi. Ukiona povu kama la maziwa yaliyotoka kukamuliwa, ni hewa. Na hewa haichuruziki chini ikakuachia doa, kwa hiyo wengi huitafuta wasiione, wakaishia kubadilisha kila kitu isipokuwa kilichoharibika.

Nikiwaeleza haya namkumbuka Mzee Ombati.

Ombati alikuwa dereva wa ndizi. Lori aliloendesha lilikuwa la mama mmoja wa Magwagwa aitwaye Bosibori. Bosibori alikuwa amefiwa na mume, akaachiwa biashara, lori, na dereva wake. Lori lilipakia ndizi mbichi huko milimani na kuzishusha Keroka. Siku ya kwanza alipokuja dukani, Ombati alivua kofia, akanisalimu kwa adabu, akaweka viwiko juu ya kaunta. Kila nilipozungumza alinitazama mdomo. Si macho, mdomo. Wakati huo nilikuwa bado na meno yangu yote, nikajisemea huyu mzee ana lake jambo.

"Tajiri yangu anasema stelingi inalia," akasema.

"Haya, tata, lia nisikie," nikasema, nikimwita baba kwa lugha yetu.

Akavuta pumzi. "Grrrrr."

Ulikuwa mngurumo mzuri, wa kiume, hata wateja wengine waliitikia kwa vichwa. Nikamuuliza kama unanguruma hata barabara ikinyooka. Akasema ee. Nikamuuliza ukikata kona. Akanguruma vilevile. Nikampa pampu.

Haukupita muda mrefu akarudi na kofia mkononi. Pampu imefungwa, na tajiri anasema lori bado linalia. Nikaona hapa ni ile heshima ya wazee tu. Nikamwelekeza nyuma ya rafu ya filta, nikageuka ukutani, nikapaza sauti: "Lia sasa vile inalia kweli, tata. Hakuna mtu anaangalia." Kimya. Nikarudia. Kimya. Ikabidi nimfuate na kumwambia uso kwa uso, kisha nikarudi mahali pangu. Kutoka nyuma ya filta ukaja mngurumo uleule, grrrrr, labda umeongezwa nguvu kidogo.

Bwana Kanti alivua miwani akaifuta. Duka lake lilikuwa na sheria moja isiyo na mjadala: spea ikikosa kuponya gari, aliyeiuza huenda kulisikia gari mwenyewe.

"Kesho wewe kwenda," akaniambia.

Ombati alingoja wateja wapungue. Kisha akaniambia lililokuwa moyoni mwake, akinong'ona, ingawa kunong'ona kwake kulisikika hadi barabarani.

"Mama Spea, huyu mama amesema gari ikilia tena nimrudishie ufunguo. Anasema sijali gari yake. Hii lori nimeendesha tangu bwana yake akiwa hai. Mimi naona anatafuta njia ya kunitoa aweke mtu wake. Hiyo kelele hakuna. Ni kelele ya kutafutwa."

Nilimsikitikia sana. Nililala nikiwa nimeshamchukia Bosibori, ambaye sikuwa nimewahi hata kumwona.

Kesho yake nilimkuta Ombati Keroka amemaliza kushusha ndizi, nikapanda nikaketi kando yake. Tukaanza kurudi kuelekea Magwagwa. Kwenye kona ya kwanza tu, alipozungusha usukani, mlio ukatoka mbele ya miguu yangu ukapanda hadi kwenye meno. Mwembamba na mrefu, wa kumfanya mtu akunje uso. Mtu wa pikipiki aliyekuwa anatupita alitugeukia. Mama aliyekaa kando ya barabara na mahindi yake ya kuchoma akaziba sikio. Ombati alinyoosha usukani, mlio ukashuka, naye akanitazama kwa tabasamu la ushindi.

"Unaona sasa? Gari imetulia kabisa. Hakuna kitu."

Nilidhani ananitania. Kona nyingine, mlio tena, na uso wake mtulivu kama wa mtu aliye kanisani. Nilikuwa natazama nje dirishani nikauliza, "Kimya, tata? Huu ndio unaita kimya?" Hakujibu. Nikauliza tena, bila kumgeukia. Hakujibu. Nikamgeukia nikauliza mara ya tatu, akatupa jicho kwenye mdomo wangu, akasema, "Ee, kimya."

Niliweka kiganja mbele ya mdomo, kama mtu anayepiga mwayo, nikasema kwa sauti ya kawaida, "Tata, angalia, kuna ng'ombe barabarani." Ng'ombe hawakuwapo. Lakini dereva yeyote angetupa macho mbele, hata kwa kuniona mwongo. Yeye aliendelea kunitabasamia.

Ndipo nikaelewa kwa nini alikuwa ananitazama mdomo, na nikaaibika kwa yale niliyoyafikiria. Nikaelewa kunong'ona kwake kwa kupiga kelele na ule ukimya wa nyuma ya filta. Kisha nikauona mteremko wa Magwagwa kichwani mwangu, lori limejaa ndizi, gari jingine nyuma linapiga honi likiomba njia. Nikamgusa mkono nikamwonyesha pa kuegesha.

Aliposimamisha nilimgeukia vizuri, ili anione.

"Tata, hiyo ngurumo ulikuwa unaniletea dukani uliisikia wapi?"

Alishika usukani kwa mikono miwili ingawa hatukuwa tunaenda popote.

"Sikuisikia," akasema mwishowe. "Nilijiuliza, lori ingekuwa inalia, ingelia namna gani. Nikalia hivyo."

"Ulitengeneza?"

"Sasa ningefanya nini? Wewe unasema lia, watu wamejaa, wananiangalia. Niseme sisikii? Dereva asiyesikia ni dereva gani?"

Nilitamani kulia na nilitamani kucheka, na nilimkasirikia pia, nisiwafiche. Nikamwambia tufungue mbele tuangalie.

Injini ikiwa inanguruma taratibu na mlio ukisikika kwa chini, alifungua kifuniko cha kijitangi. Povu jeupe. Nikafuata mpira unaotoka kwenye kijitangi kuingia kwenye pampu. Hapo pampu haisukumi, inafyonza, ndiyo maana kukiwa na ufa oili haitoki bali hewa inaingia. Fundi fulani wa kando ya barabara alikuwa ameweka mpira wa maji, ule wa rejeta, akaufunga kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli. Mpira wa maji haupendi oili. Unalainika, unavimba, unalegea pale unapofungwa. Tulibadilisha pampu nzima tukaiunganishia mpira uleule. Nilimwambia Ombati amimine oili kidogo kuzunguka kile kifungo. Mara oili ilipoziba ufa, mlio ukapungua, kisha ukakoma. Oili ilipofyonzwa, ukarudi. Kumbukeni jaribio hilo, litawaokoa na ununuzi mwingi wa bure.

Lakini yeye hakusikia ukikoma wala ukirudi. Alinitazama usoni kama mtu anayengoja kutafsiriwa. Nikakichukua kiganja chake nikakiweka juu ya pampu, mbali na mkanda, nikapanda nikakata usukani ili ahisi mtetemo. Kisha nikashuka nikamimina oili tena pale kwenye kifungo.

Mkono wake ukatulia. Akauondoa, akauweka tena. Oili ikaisha, mtetemo ukarudi, nami nikauona ukirudi usoni mwake.

"Kumbe iko," akasema. "Kumbe ilikuwa inalia kweli." Akakiangalia kiganja chake. "Basi yule mama hakuwa anadanganya."

Nikamwambia ampigie Bosibori simu aje hapohapo, amweleze yeye mwenyewe. Akakataa. Akasema nitammaliza, akasema ana watoto shuleni, akasema mambo mengine ya uchungu ambayo sitayaandika. Nikamwambia, "Utamwambia wewe au nitamwambia mimi. Lakini hii lori haipandi Magwagwa leo na siri ndani yake." Akanipa mgongo, akapiga simu, akaongea yeye peke yake bila kungoja majibu. Nikafahamu kwamba ndivyo alivyokuwa akitumia simu siku zote.

Wakati tunamngoja, makanika niliyempigia simu alikuja kutoka Keroka na mpira halisi wa oili na klipu za chuma. Akainua magurudumu ya mbele, akajaza oili, akazungusha usukani taratibu kutoka mwisho hadi mwisho injini ikiwa imezimwa, akiongeza oili kila inaposhuka, hadi mapovu yalipokwisha. Ndipo akawasha. Wenye haraka huwasha kwanza, halafu wanashangaa kwa nini povu haliishi.

Bosibori aliteremka kwenye pikipiki amefunga leso kiunoni. Nilitarajia jitu la kutisha. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mwenye uchovu machoni. Ombati alivua kofia akamwambia yote, tangu masikio yalipoanza kufifia hadi ile ngurumo ya dukani, bila kunitaja hata mara moja.

Bosibori akamsogelea mbele ya uso.

"Mogaka," akamwita, yaani mzee, "kwa hivyo kule shambani nikikuita kwa nyuma na hugeuki?"

"Sisikii, mama."

"Na nikisema tupakie hii kwanza, unapakia ile?"

"Sisikii."

Akakaa juu ya jiwe kando ya barabara. "Mimi nilidhani unanidharau kwa sababu ni mwanamke. Tangu nizike bwana yangu nimekuwa nikilala na hasira yako. Nilitaka kukufukuza kwa hiyo dharau, si kwa kelele."

Akanyoosha mkono, Ombati akaweka ufunguo ndani yake. Niliona vidole vya mzee vikichelewa kuuachia. Bosibori akamwambia hatashika usukani mpaka aende hospitali apimwe, lakini kazi ni yake, atasimamia upakiaji, na kuanzia leo atamwita kwa kuja mbele yake. Yule makanika akaliendesha lori hadi Magwagwa. Ombati alikaa pale nilipokuwa nimekaa mimi, upande wa abiria, akitazama mbele, na hakuniaga. Nilirudi Kisii nikijiona mchawi aliyemwondoa mzee kwenye usukani.

Nilipomsimulia Bwana Kanti hakuuliza habari za pampu. Alisema tu, "Na sisi tulisema yeye, lia, lia," kisha akaenda kupanga mikanda iliyokuwa imeshapangwa.

Tangu siku hiyo niliongeza swali langu mwenyewe juu ya yale ya Bwana Kanti. Kabla ya kumwambia mtu alie, nilimuuliza: mlio huu ameusikia nani? Mngeshangaa ni madereva wangapi huleta mlio waliosimuliwa na tajiri, na utingo, na mke. Ninyi wenye simu, ulizeni hilo pia. Na dereva wenu akiwatazama mdomo, msijisifu.

Miezi ikapita. Nilikuwa nimeinama nyuma ya rafu natafuta filta ya trekta nilipoona kofia ninayoijua ikiingia mlangoni. Nilisita. Nikamsalimu kwa Kigusii nikiwa hukohuko nilikofichika, kwa sauti ya kawaida tu, "Bwakire, tata."

Kofia ikageuka papo hapo kuelekea kwenye rafu.

Nikatoka. Nyuma ya kila sikio kulikuwa na kidude kidogo cha rangi ya kahawia. Bosibori na watu wa kanisa lao walikuwa wamechanga, daktari akampima, akamruhusu kuendesha mradi awe amevivaa. Alinitazama machoni.

"Mama Spea, kumbe una sauti ndogo hivyo? Siku zote nilidhani unaongea kama mwanaume."

Duka lilijaa siku hiyo, na watu wakacheka. Nikamuuliza amekuja na shida gani. Akasema Bosibori ameongeza lori la pili, amelinunua kwa mtu, na yeye ndiye analiendesha. Nilisahau swali langu la siku zote. Alinikumbusha yeye.

"Nimesikia mwenyewe," akasema. "Na kwenye kijitangi nimeona povu."

Akaweka kofia juu ya kaunta, akafumba macho, na mbele ya madereva wote, mbele ya Bwana Kanti, mbele yangu mimi niliye wa umri wa binti yake, Mzee Ombati akalia kwa sauti nyembamba kabisa, "nyiiiiiii," akaupandisha mlio pale penye kona, akaushusha taratibu usukani ulipoachiwa.

Machozi yalikuwa yananitoka na sikujificha. Nikakata kipande cha mpira wa oili, nikaweka klipu mbili juu yake, nikamsogezea bila kumuuliza kitu kingine.